Mshale Uliolala

Gari la wagonjwa lilifika gereji saa kumi na mbili asubuhi,
ukungu wa Julai bado umeikalia Newala
kama mkwe asiyejua kuaga.
Dereva Likwena hakunisalimu.
Alisema, "Hita haipashi."

Nilicheka, nisameheni.
Fundi wa Mtwara na hita, wapi na wapi?
Lakini nesi Somoe akashuka upande wa pili,
macho mekundu, akasimulia:
jana usiku, njia ya Ndanda,
kichanga wa siku moja, kilo moja na nusu,
amemfungia kifuani ndani ya sweta,
khanga mbili, juu yake koti la Likwena,
na tundu la hita linampulizia
pumzi ya mtu aliyetoka kisimani.
"Alifika," akasema. Hakuongeza neno.
Sikuuliza mara ya pili.

Nikafungua rejeta. Maji yamejaa,
hakuna hewa iliyojificha.
Washa. Acha iungurume.
Mshale wa joto ukainuka upana wa ukucha,
ukajilaza.
Dakika ishirini, bado umelala.
"Na dizeli," akasema Likwena,
"siku hizi inakunywa kama mwalikwa wa harusi."

Labda geji ni mwongo;
geji nazo zina waongo wao.
Somoe akanipa kipimajoto chake.
Kinaishia arobaini na mbili, dada,
hiki ni cha homa za watu.
Nikatumia mkono.

Mipira miwili ya hita, wa kuingia na wa kutoka:
ungekuwa mmoja moto, mwingine baridi,
ningesema imeziba, tuisukutue.
Yote miwili vuguvugu, chai ya msibani.
Kisha mpira wa juu wa rejeta.
Injini yenye afya huyazuia maji yake ndani,
yakiiva ndipo huyafungulia mlango.
Mpira huu ulianza kupata joto tangu dakika ya pili,
taratibu, bila kusubiri ruhusa.
Mlango ulikuwa wazi,
mpishi anapikia uwanjani kwenye upepo.

Boliti mbili. Kifuniko.
Ndani hamna kitu.
Nyumba ya thamostati haina mwenyewe,
na kwenye ukingo gundi nyekundu ya zamani
iliyopakwa kwa kidole,
kidole chenye kovu la mshazari.

Nikatazama kidole changu.

Msimu wa korosho, mwaka sikumbuki,
gari lilichemka likipanda kutoka Masasi,
nami nikatamka kwa sauti ya aliyesoma:
"Hiki ni kidude cha nchi za barafu.
Sisi joto tunapewa bure."
Nikang'oa. Nikalipwa. Nikashukuriwa.
Mkanda wa feni ulikuwa umelegea,
sikuugusa hata kwa jicho.

Chini ya meza nina kopo la Kimbo.
Vyote nilivyong'oa vimo humo, kumi na tisa,
shaba haitupwi.
Nikabandika sufuria juu ya mkaa,
maji ya ndoo, ya kununua,
nikavining'iniza kwa waya kimoja kimoja.
Vya kuenea tundu lile vilikuwa vitatu.
Cha kwanza kimekufa kimefumba.
Cha pili kimekufa kimeachama.
Cha tatu, maji yalipoanza kuimba,
kikafumbua jicho.

Saa tano mshale ulipanda,
ukafika katikati, ukasimama
kama mtoto aliyeambiwa asitikisike.
Likwena na Somoe wamejifungia ndani, vioo juu,
jasho linawatiririka, wanacheka,
Somoe viganja vyote viwili kwenye tundu la hita.

Aliuliza bei. Nikasema hakuna.
Akadhani ni wema.

Koponi vimebaki kumi na vinane.
Usiku, gari lolote likipita kuteremkia Masasi,
natega sikio nikilala,
nalijua kwa mngurumo ni la nani,
na kama niliwahi kulifungua.